Ng'ombe wa Tarime naye apewe daraja lake

KATIKA minada ya mifugo ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kuna mali moja ambayo bado haijapata bei yake. Mali hiyo ni dume bora wa kienyeji. Mfugaji akimfikisha sokoni, mchuuzi humpapasa nundu, humtazama mgongo na mapaja, halafu hutaja bei ya nyama. Awe dume aliyezaa ndama hamsini wenye afya, awe dume ambaye hajazaa hata mmoja, kinachonunuliwa ni kilo.

Mfugaji mwenye akili ya biashara huona jambo hilo mapema. Dume wake mwenye kifua kipana humhasi awe maksai wa plau, au humuuza angali kijana kwa sababu huyo ndiye anayeleta fedha ya ada ya shule na mahindi. Wanaobaki kupanda majike malishoni ni wale waliokataliwa na plau na wakakataliwa na soko. Kwa maneno mengine, kila mwaka wilaya hizi huuza mbegu na kupanda makapi.

Wataalamu wa mifugo wamelieleza tatizo hili kwa miaka mingi kama suala la elimu ya mfugaji. Ukilitazama kwa jicho la soko, ni suala la bei. Na njia mojawapo rahisi ya kuipa bei mali isiyo na bei ni kuipeleka kwenye maonyesho, ikashindanishwa na wenzake wa aina moja mbele ya wanunuzi.

Ni ng'ombe gani huyu?

Ng'ombe wa Tarime ni mmoja wa koo za zebu wa pembe fupi wa Tanzania. Koo nyingine katika jamii hiyo ni pamoja na ng'ombe wekundu wa Iringa, weupe wa Singida, wa Mkalama, wa Kimasai, wa Mbulu na wa Kigogo. Sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilihesabu ng'ombe milioni 33.9 nchini, na walio wengi mno kati yao ni wa kienyeji.

Mwenye kutafuta maziwa mengi hatampata hapa. Jike wa zebu, baada ya ndama kunyonya, hutoa lita moja au mbili kwa siku. Huzaa mara ya kwanza akikaribia miaka minne. Zebu mzima kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 200 hadi 350, na Boran humpita kwa mbali. Ndiyo maana wafugaji wengi wakisikia neno "ng'ombe bora" hufikiria ng'ombe aliyetoka kwingine.

Lakini mwekezaji hatazami mapato peke yake, hutazama na gharama. Wilaya za Tarime na Serengeti zina kupe wa ndigana kali. Upande wa Serengeti, vijiji vinavyopakana na Hifadhi vina mbung'o, na kuna ugonjwa unaotoka kwa nyumbu wanapozaa. Ng'ombe wa kigeni huhitaji josho la mara kwa mara, chanjo, majani ya kukatiwa na daktari aliye karibu. Ng'ombe wa kienyeji hutembea mbali kufuata maji, hula kilichopo, na ndama wake aliyezoea kupe tangu utotoni ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Juu ya hayo, ndiye anayelima. Shamba la mahindi, mtama au ulezi katika wilaya hizi hufunguliwa kwa jozi ya maksai.

Kwa Wakurya, na kwa majirani zao Wangoreme, Waikoma na Wanata, ng'ombe pia ni benki. Mahari huhesabiwa kwa vichwa. Hapa pana jambo la kiuchumi ambalo hupitwa haraka: malipo yanayohesabiwa kwa vichwa humpa faida mwenye ng'ombe wengi, hayampi faida mwenye ng'ombe wazuri. Mnada hulipa kilo, mahari hulipa idadi. Hakuna mahali panapolipa damu.

Mabanda ya Nane Nane

Mahali pa kulipa damu pangeweza kuwa maonyesho. Kila Agosti 8, Siku ya Wakulima, mikoa ya Mara, Simiyu na Shinyanga hukutana katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, ambavyo viliwahi kubeba maonyesho ya kitaifa mwaka 2018 na mwaka 2019. Kinachozoeleka katika mabanda ya mifugo nchini ni ng'ombe wa maziwa wa kigeni, machotara wao, na madume ya Boran kutoka ranchi na mashamba makubwa. Ni wanyama wazuri, na wanastahili kuonekana.

Tatizo ni kwamba mfugaji wa Nyamwaga au wa Natta akifika pale hufika kama mtazamaji. Hana cha kuingiza. Dume wake akisimamishwa kando ya Boran aliyelishwa pumba, atashindwa kabla mwamuzi hajafungua daftari. Mashindano ya namna hiyo humfundisha jambo moja tu, kwamba alicho nacho hakina thamani. Akirudi nyumbani humhasi.

Walichofanya wengine

Wafugaji wa farasi Uingereza wanalijua somo hili kwa zaidi ya miaka 100. Chama cha farasi wakubwa wa kukokota waitwao Shire kilianzishwa mwaka 1878, na maonyesho yake ya kwanza yakafanyika London mwaka 1880. Tuzo za maonyesho hayo ndizo zilizomwambia mkulima ni dume gani wa kumlipia. Matrekta yalipochukua kazi ya shambani, farasi hao walipungua hata wakakaribia kwisha. Kilichosaidia kuwabakiza ni pamoja na kuongezwa kwa aina za mashindano: kuongozwa kwa kamba, kuvuta gari, kulima kwa plau, na baadaye hata kupandwa. Kila daraja jipya lilimpa mtu mwingine sababu ya kununua farasi na kumzalisha. Asiye na shamba akapata la kufanya naye, na mfugaji akampata mnunuzi ambaye zamani hakuwapo.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Boran mwenyewe. Huyu alikuwa ng'ombe wa wafugaji Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Wenye ranchi wa Kenya walimnunua, wakamchagua kizazi hata kizazi, na mwaka 1951 wakaunda chama chao cha kuandikisha ukoo. Maonyesho ya chama cha kilimo cha Kenya, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1901, yakawa dirisha la kumuuza. Leo damu ya Boran imefika Afrika Kusini, Australia na Marekani. Hakuanza akiwa ng'ombe wa ajabu. Alianza akiwa ng'ombe wa kienyeji aliyepata daftari, mwamuzi na soko.

Nguni wa Afrika Kusini anakaribiana zaidi na hali ya Tarime. Kwa miongo mingi sera za serikali zilimhesabu kuwa ng'ombe duni, mdogo, wa kubadilishwa kwa damu ya kigeni. Mwaka 1986 wafugaji waliunda chama chake. Alipopewa vigezo vyake mwenyewe, sifa zilizodharauliwa zikawa bidhaa: kustahimili kupe, kuzaa kila mwaka bila shida, kula kidogo. Baadaye Chuo Kikuu cha Fort Hare kikaendesha mpango wa kuvipa vijiji madume 2 na mitamba 10, na baada ya miaka mitano kijiji hurudisha idadi hiyohiyo ili ipewe wengine. Watanzania wanaufahamu mtindo huo kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe.

Tanzania nayo ina somo lake, lakini la upande wa pili. Ng'ombe wa Mpwapwa alitengenezwa na watafiti kwa kuchanganya damu ya Sahiwal, Red Sindhi, zebu wa hapa, Boran na ng'ombe wa Ulaya, akatambuliwa rasmi mwaka 1958. Ni kazi nzuri ya kisayansi. Lakini aliishi zaidi katika mashamba ya taasisi, hakupata soko pana la wafugaji wa kawaida, na idadi yake ikabaki ndogo. Utaalamu ulikuwepo, kilichokosekana ni mnunuzi.

Hesabu ya dume mmoja

Kwa nini mfugaji asimtunze dume bora hata bila maonyesho? Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, wala si bei ya mnada wowote, lakini inaonyesha kiini cha jambo.

Tuseme kaya 5 zinachunga pamoja, kila moja ina majike 5. Dume mmoja huwatosha wote 25. Wakizaa ndama 15 kwa mwaka, katika miaka 4 dume huyo ana watoto 60. Tuseme ubora wake unamwongezea kila mtoto kilo 8 siku ya kuuzwa. Hizo ni kilo 480. Kwa bei ya kudhania ya Sh 4,000 kwa kilo ya ng'ombe hai, dume amezalisha Sh 1,920,000 za ziada.

Sasa tazama nani anazipata. Mwenye dume ana majike 5 kati ya 25, hivyo fungu lake ni Sh 384,000. Majirani wanne wanapata Sh 1,536,000 bila kulipa hata senti. Upande wa pili, dume huyo wa kilo 300 akiuzwa leo analeta Sh 1,200,000 mkononi, bila hofu ya ukame, ugonjwa wala wezi. Mfugaji anayemuuza si mjinga. Anafanya hesabu sahihi katika soko lisilo sahihi.

Hapo ndipo tuzo inapoingia. Dume aliyeshinda mbele ya watu ana jina, na mwenye jina hutoza ada. Kama majirani watalipa Sh 10,000 kwa kila jike kwa mwaka, majike 20 yataleta Sh 200,000, au Sh 800,000 kwa miaka minne. Ukijumlisha na fungu lake, mwenye dume anapata Sh 1,184,000, na dume bado ni wake. Majirani nao wanabaki na faida ya Sh 736,000. Kila upande umepata.

Lipo sharti moja. Katika malisho ya pamoja dume hapandi kwa tiketi. Ada italipwa tu kama kaya hizo zimekubaliana kuwahasi madume wengine mapema, na kumlipia yule mmoja kama kikundi. Bila mapatano hayo tuzo itakuwa pambo la kuning'iniza ukutani.

Madaraja yanayofaa

Kuongeza daraja moja lenye jina la "ng'ombe wa kienyeji" hakutatosha. Daraja moja huzaa mshindi mmoja, na mara nyingi mshindi huyo ni mwenye mali nyingi kuliko wengine. Wilaya hizi zingefaidika na angalau madaraja matano.

La kwanza, madume wachanga wa mwaka mmoja hadi miwili. Hili ndilo la haraka kuliko yote, kwa sababu linamkuta dume kabla kisu cha kuhasi hakijamfikia.

La pili, dume mzima pamoja na watoto wake watatu. Mwamuzi hatazami tena mwili wa dume, anatazama alichozaa. Dume mnene asiye na watoto hawezi kuingia.

La tatu, jike na ndama wake anayenyonya. Jike aliyezaa mfululizo apewe alama zaidi ya jike mnene ambaye hajazaa.

La nne, jozi ya maksai wa plau. Wapimwe kwa kazi: unyoofu wa mtaro, utii kwa sauti, nguvu na mwendo. Ni daraja litakalovuta watu wengi kuliko yote, na wauza majembe ya kukokotwa wana sababu ya kulifadhili.

La tano, mifugo ya kaya yenye ng'ombe wasiozidi kumi. Hapa mjane mwenye majike matatu anaweza kumshinda tajiri wa mamia.

Mashindano hayo yaanzie chini. Kumsafirisha dume kutoka Mugumu au Sirari hadi Bariadi ni gharama isiyobebeka kwa mwenye ng'ombe sita. Siku ya mnada wa kawaida inatosha: uzio upo, wanunuzi wapo, bwana mifugo yupo, na mizani ikiwepo kazi inakuwa ya haki zaidi. Washindi wachache tu ndio waendelee hadi kanda, kwa gharama za halmashauri au wafadhili.

Hatari zilizopo

Maonyesho yakisimamiwa vibaya huharibu ng'ombe badala ya kumjenga. Nchini Marekani, katika miaka ya 1940 na 1950, waamuzi walipenda Hereford wafupi, walioshikamana. Wafugaji wakawafuata, na ndama vibeti wakaanza kuzaliwa kwa wingi kwa sababu damu ya udumavu ilikuwa imesambaa pamoja na tuzo. Ilichukua miaka mingi kuisafisha. Somo kwa Mara ni kwamba vigezo viandikwe mapema, na viwe vya kazi: kuzaa, kukua, miguu, kwato, tabia. Rangi na pembe visiwe na alama.

Hatari ya pili ni damu kurudiana. Ndama jike wa dume huyo hufikia umri wa kupandwa mwaka wa nne hivi. Wakati huo dume lazima ahame. Lakini hatari hii ni nafasi ya biashara pia: kikundi cha Tarime kibadilishane dume na kikundi cha Serengeti, au kiuze na kununua, na tofauti ya ubora ilipwe kwa fedha.

Hatari ya tatu ni magonjwa. Ugonjwa wa miguu na midomo na homa ya mapafu hupenda mikusanyiko. Mnyama asiye na chanjo na kibali cha daktari wa mifugo asiingie uwanjani, hata kama ni wa diwani.

Ya nne ni wizi. Eneo hili lina historia ndefu ya wizi wa ng'ombe kuvuka mpaka, hata Polisi wakaanzisha kanda maalumu ya Tarime na Rorya. Dume aliyetangazwa kuwa bingwa ni dume aliyeonyeshwa kwa wezi. Dawa yake ni utambulisho. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ipo tangu mwaka 2010, na kampeni ya chanjo na utambuzi kwa hereni ilizinduliwa Bariadi Juni 2025. Hereni yenye namba hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: humzuia mwizi kumuuza dume kirahisi, na huanzisha daftari la ukoo, kwa kuwa ndama anaweza kuandikwa kwa namba ya baba yake.

Mwenye fedha afanye nini?

Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, jambo hili halihitaji kusubiri tamko la wizara. Gharama za daraja la mashindano ni ndogo: mizani, kamba, mwamuzi, na tuzo. Tuzo nayo isiwe kikombe. Pampu ya kunyunyizia dawa, plau, au chanjo ya ndigana kali kwa ndama wa mshindi itamfaa zaidi, na mwenye duka la pembejeo atakuwa amejitangaza kwa wateja wake halisi.

Anayetaka kuingia zaidi anunue. Mnada mdogo wa madume walioshinda, ukifanyika siku hiyohiyo baada ya tuzo, ndio utakaoleta bei ya kwanza ya dume wa mbegu. Bei hiyo ikipita bei ya nyama hata kwa robo, habari itafika vijijini kabla ya jua kuzama, na msimu unaofuata visu vya kuhasi vitasubiri kidogo.

Wanaotazama soko hili wafuatilie mambo matatu. Kwanza, kama halmashauri za wilaya hizi mbili zitakubali kutenga siku ya mnada kwa ajili ya mashindano. Pili, kama vikundi vya wachungaji vitaandika mapatano ya dume mmoja. Tatu, kama mnunuzi wa kwanza atamlipia dume zaidi ya uzito wake. Hilo la tatu likitokea, mawili ya kwanza yatafuata yenyewe.

Asitarajie mtu faida ya haraka. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na ushee, na mtamba huchukua miaka hadi kuzaa. Aliyezoea kununua Jumatatu na kuuza Ijumaa hapa si mahali pake. Lakini Boran alichukua miongo, na aliyemnunua mapema hakujuta.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Katika zizi la Tarime chanda hicho kipo, na hadi sasa pete haijaletwa. Kinachoendelea kuletwa ni kisu.